Mwenda Tezi na Omo: Lugha ya Kwenda Vitani na Lugha ya Kurudi

Wahariri wa jarida hili waliponitaka niandike juu ya sajili yoyote ya Kiswahili niijuayo vyema, wazo langu la kwanza lilikuwa lugha ya soko la viazi hapa Molo, ninakofundisha katika shule ya upili. Nilikwisha kuandika kurasa mbili. Kisha nikaikumbuka kaseti moja iliyo katika kasha la viatu chini ya kitanda changu, nikaziweka kando kurasa zile. Nikiri tangu mwanzo, msomaji mpendwa, kwamba sajili niijuayo kuliko zote si ya viazi. Ni ya jeshi, ingawa mimi sijavaa gwanda hata siku moja.

Katika utoto wangu niliamshwa kila alfajiri kwa amri. Babu yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Guka, alisimama uani nyasi zikiwa bado nyeupe kwa baridi ya Molo, akanguruma: "Watu yote simama!" Nasi tulisimama, mrefu mbele na mfupi nyuma, kila mmoja na kikapu chake cha kuchumia pareto. "Kikapu, bega! Mbele, tembea!" Tulitembea. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba husemwi "watu yote" bali "watu wote", nami nikarudi nyumbani jioni ile nikiwa na hakika kwamba babu yangu hajui Kiswahili. Niliwahi hata kumsahihisha mbele ya wageni. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hicho chako ni cha kitabu. Hiki changu ni cha Keya."

Keya, kama wengi wenu mjuavyo, ni herufi tatu za Kiingereza, K, A na R, zilizosilimishwa na ndimi za askari wenyewe. Ni King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya kikoloni vya Afrika Mashariki na ya Kati. Guka aliingia humo akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akavushwa bahari, akapigana Burma, akarudi.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa uzito wa neno lile la mwisho.

Mwaka 1998, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu huko Njoro, mhadhiri wetu wa isimujamii alitutuma tukakusanye data ya sajili moja kutoka kwa msemaji hai. Wenzangu walikwenda kwa makanga na mahakamani. Mimi nilipanda matatu ya kurudi Molo nikiwa na kinasa sauti cha kuazima, nikaketi na Guka jioni tatu mfululizo. Nilitaka ngeli zilizovurugika na maneno ya kigeni. Niliyapata tele. "Afande" lilitoka Uturuki likapitia kwa askari wa Kisudani waliokuwa miongoni mwa wa kwanza katika vikosi vile. "Kuruta", "koplo" na "sajini" yalitoka kwa Waingereza. Kwa Guka maneno yote hayo yalikuwa ya nyumbani, kama jembe na sufuria.

Baadaye nilisoma zaidi. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi lile, na afisa Mwingereza alitakiwa kujifunza na kufanya mtihani. Vilikuwepo vitabu vya kumsaidia yeye na Wazungu wenzake. Kimoja, *Up-Country Swahili* cha F. H. Le Breton, kilitoka mwaka 1936, na ukurasa wake wa anwani ulitangaza kuwa ni mazoezi kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Itazameni orodha hiyo, wapenzi wa lugha. Kinachowaunganisha watu hao wote ni kwamba kila mmoja wao ana mtu wa kumtuma. Mwaka 2004 Mungai Mutonya na Timothy Parsons walichapisha makala kuhusu lahaja hiyo ya kijeshi, wakiiita KiKAR, nami nilipoisoma niliona aibu kwa ile siku niliyomsahihisha babu yangu. Hakuwa mtu aliyeshindwa kujifunza Kiswahili sanifu. Alikuwa amejifunza kikamilifu Kiswahili kingine, kilichopunguzwa kwa makusudi hadi kikabaki na kazi moja.

Kazi hiyo ni kuamuru. Nilipoandika yaliyokuwamo kwenye kaseti na kuvipanga vitenzi kwa hali zake, niligundua kuwa karibu vyote alivyovitumia Guka kuelezea jeshi vilikuwa katika hali ya kuamuru. Simama. Lala. Chimba. Meza. Funga mdomo. Hata alipokuwa akisimulia, amri ziliingia katikati ya masimulizi kama wageni wasiobisha hodi.

Hata hivyo, sitaki kuwa miongoni mwa wale wanaodharau miongozo ya kijeshi kwa sababu tu ina amri nyingi. Kwa jeshi linalotumwa kupigana mbali na kwao, mwongozo ni kama nahodha. Askari wa namna hiyo hana shamba la kuchuma wala jirani wa kumwuliza njia. Maji atakayokunywa, njia atakayopita, namna ya kuchimba choo na mahali pa kulala, vyote vinapaswa kuwa vimefikiriwa kabla hajapanda meli. Pasipofikiriwa, watu hufa.

Nchi zetu zinalijua jambo hili kwa gharama kubwa. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwafukuza Wajerumani ndani ya Tanganyika kwa kuwategemea wapagazi, kwa sababu lori zilikwama na wanyama waliuawa na mbung'o. Wapagazi waliokusanywa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na chakula kisichowafaa. Jina la kikosi kile limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako leo watu hununua nyanya na vikapu bila kukumbuka kwamba wanasimama juu ya jina la jeshi la wabeba mizigo. Nyuma ya kanuni nyingi za afya katika miongozo ya baadaye kuna makaburi ya namna ile.

Guka alifaidi kanuni hizo. Kikosi chake kilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1943 ili kujifunza vita vya msituni. Mwaka huohuo jeshi la India lilitoa toleo jipya la kijitabu chake nambari 9 cha mafunzo, kilichojulikana kama *The Jungle Book*, kikieleza jinsi ya kutembea, kuvizia na kuishi ndani ya misitu. Guka hakukiona kijitabu chochote, maana hakujua kusoma. Mwongozo ulimfikia kwa mdomo wa sajini, kwa Kiswahili cha Keya, amri moja baada ya nyingine, hadi ukaingia mifupani. Alinionyesha akiwa na zaidi ya miaka sabini na mitano jinsi ya kukanyaga majani makavu pasipo kutoa sauti, nami sikumsikia alipopita nyuma ya kiti changu.

Katikati ya mwaka 1944, masika yakiwa yamepamba moto, divisheni ile iliingia bonde la Kabaw, bonde lenye sifa mbaya ya malaria. Huko amri iliyookoa maisha mengi ilikuwa "Meza!" Vidonge vya mepakrini, ambavyo hugeuza ngozi kuwa ya manjano, vilimezwa mbele ya afisa kila siku. Jenerali William Slim, aliyeliongoza Jeshi la 14, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1956 kwamba aliwapima askari kwa kushtukiza na kuwaachisha kazi makamanda ambao vikosi vyao vilionekana kukwepa dawa. Mwezi Desemba 1944 wahandisi walitandika huko Kalewa, juu ya mto Chindwin, daraja la chuma la mita 350 hivi. Guka alilivuka. "Daraja lilicheza kama kitanda cha kamba," alisema, "lakini mimi nilitazama mgongo wa mbele tu. Amri ilikuwa hiyo. Tazama mgongo wa mbele."

Kuna wenziwe waliosafiri kwa meli nyingine wasifike. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Guka alipoitaja meli ile alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu chumbani.

Mimi mwenyewe niliwahi kuokolewa na mwongozo ule. Mwaka 1992 ghasia za kikabila, zilizokuwa zimeanza huko Meteitei mwishoni mwa mwaka uliotangulia, zilifika sehemu zetu za Molo. Usiku mmoja tuliona moto upande wa pili wa bonde. Watu wazima walianza kukimbia huku na huko, mwingine akifunga ng'ombe, mwingine akitafuta viatu. Guka alitoka uani na fimbo yake. "Watu yote simama!" Watoto wa boma tatu tulisimama, kumi na wawili kwa jumla, maana tulikwisha kuizoea amri ile asubuhi za pareto. "Mkono bega ya mbele. Funga mdomo. Tazama mgongo wa mbele." Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa nyuma yangu, na vidole vyake vilinibana begani kama koleo. Tulitembea gizani kupitia mashamba hadi mjini, bila mtoto hata mmoja kulia. Tulipofika kwenye uwanja wa kanisa Guka alituhesabu, akatuhesabu tena, kisha akaketi chini ghafla kama gunia lililokatwa kamba.

Tuliishi uwanjani pale kwa miezi. Siku tuliyorudi shambani tukaikuta nyumba imebaki kuta nne nyeusi, sote tulimgeukia Guka tukingoja amri. Hakuwa nayo. Alisimama mlangoni, akasogeza kipande cha bati kwa ncha ya fimbo, asiseme neno. Mama ndiye aliyesema hatimaye, kwa sauti ya kawaida, "Haya, tufagie."

Nilikuwa na picha hiyo akilini nilipomwuliza, jioni ya tatu ya kurekodi, swali ambalo halikuwa katika hojaji yangu. "Guka, uliporudi kutoka Burma, ulimwambia nini mama yako?"

Kwenye kaseti unasikika ukimya mrefu. Jogoo anawika mahali fulani, pengine amekosea saa. Kisha Guka anasema, kwa lugha yetu ya nyumbani, maana swali hilo lilimtoa nje ya Kiswahili chake: "Hatukufundishwa hilo."

Nilipata alama nzuri kwa kazi ile. Sikuiweka sentensi hiyo katika ripoti, kwa kuwa haikuwa Kiswahili, na mimi nilikuwa natafuta data.

Leo naamini ndiyo iliyokuwa data. Askari wa Keya alifundishwa kwenda. Alifundishwa kupanda meli, kumeza, kuchimba, kuvuka, kufyatua. Kurudi kulihesabiwa kuwa kazi ya reli na karani. Wakenya karibu 98,000 walitumikia katika vita vile, na waliorudi Bonde la Ufa walikuta nchi iliyosonga bila wao. Baada ya vita vya kwanza serikali ya kikoloni ilikuwa imewagawia wanajeshi Wazungu ardhi kwa mpango wa mwaka 1919, na baada ya vita vya pili walowezi wapya walikaribishwa tena. Mwafrika aliyerudi alikuta kipande kikimngoja. Sheria ya mwaka 1937 ya vibarua waishio mashambani, iliyoanza kutumika mwaka 1940, iliwapa walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota na kuwaongezea siku za kazi. Si mbali na Molo, huko Olenguruone, familia zilizopewa makazi mwaka 1941 zilikataa masharti ya serikali, zikala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 zilikuwa zimefukuzwa na wengi kupelekwa Yatta. Waruhiu Itote, aliyekuwa Burma, aliingia msituni akajulikana kama Jenerali China. Guka hakuingia msituni. Alirudi kwenye shamba alikozaliwa, akachunga kondoo wa mtu mwingine kwa miaka kumi na minane, na usiku fulani aliamka akipiga kelele. Nyanya yetu alikuwa akituambia, "Lalani. Guka yenu ameenda Burma, atarudi asubuhi."

Ndugu yangu mdogo, yule wa vidole vya koleo, aliingia jeshini mwaka 2005. Aliniambia sababu yake: usiku ule wa 1992, katika watu wote aliowajua, ni mmoja tu aliyejua la kufanya. Mwezi Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia katika operesheni iliyopewa jina la Linda Nchi, na mwaka 2012 yakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika cha AMISOM, kilichofungwa mwaka 2022. Yeye alikwenda mwaka huo wa 2012, akarudi mwaka uliofuata. Mwanaisimu hana budi kuona kwamba hata jina la operesheni lilikuwa kitenzi katika hali ya kuamuru.

Tusidhani kwamba mafunzo yamebaki yale ya sajini wa Ceylon. Miongozo ya majeshi yanayotumwa nje imepanuka mno. Umoja wa Mataifa ulichapisha mwaka 2008 waraka wa kanuni za ulinzi wa amani, na hapa Kenya kuna kituo cha kimataifa cha mafunzo ya ulinzi wa amani huko Karen. Askari husomeshwa sheria za kivita, ulinzi wa raia na mila za wenyeji. Ndugu yangu alikuwa na daftari limejaa maneno hayo, kwa Kiingereza, kwa mwandiko safi. Aliporudi alikuwa mzima wa viungo, mpole, mwenye kupenda kukaa karibu na mlango. Hatukuuliza. Tulimchinjia kondoo.

Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu huko El Adde ilishambuliwa. Ndugu yangu wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo. Alisikiliza habari redioni akiwa amesimama, akaizima, akatoka kwenda kupasua kuni. Alipasua kuni siku mbili. Siku ya tatu mwanawe, mtoto wa miaka minne, alidondosha kikombe, na ndugu yangu akanguruma, "Simama!" Sauti ilikuwa ya Guka, ambaye alikuwa amefariki tangu mwaka 2003. Mtoto alisimama wima, mikono ubavuni, macho mbele. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Usiku ule nililivuta kasha la viatu. Sikujua neno la kumwambia, ijapokuwa nimefundisha lugha miaka mingi. Niliweka kaseti tu. Tuliketi jikoni tukamsikiliza Guka akipita Ceylon, akimeza vidonge, akivuka Chindwin. Ndugu yangu alitabasamu mara mbili tatu kwa ule "watu yote". Kisha likaja swali langu, jogoo, na sentensi ile.

Akasema, "Rudisha nyuma, Dada."

Nilirudisha. Tukaisikiliza mara tatu. Halafu akaanza kuzungumza, na kuni zilikwisha jikoni kabla hajamaliza. Sitayaandika aliyoyasema, maana ni yake. Nitasema tu kwamba aliyumba sana katika lugha. Alianza kwa Kiingereza cha daftari, akaingia Kiswahili, akaishia kwa lugha ya mama. Mara nyingi alisimama akauliza, "Hii nayo inaitwaje?" nami sikuwa na jibu.

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ukipita nyuma na mbele ya chombo, mwishowe utarudi katikati. Wengi huitumia methali hii kumtisha mwenye kiburi. Mimi naisikia sasa kama onyo kwa waandishi wa miongozo, na kwetu sisi pia. Fasihi yetu haikuvisahau vita. Shaaban Robert alivitungia vita vya 1939 hadi 1945 utenzi mrefu, *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, na Henry Muhanika akatunga wa Vita vya Kagera. Lakini ile lugha ya ngamani, ya jikoni usiku, ya mtu kumwambia mama yake alikokuwa, bado ni changa. Tunalo neno kiwewe, nalo ni zuri, ila neno moja halitoshi kwa safari nzima. Wanafunzi wa chama hiki huandika tasnifu kila mwaka kuhusu istilahi za benki, za kompyuta na za soka. Katika familia nyingi za Bonde la Ufa kuna mtu aliyekwenda na kurudi, awe wa Burma, wa Kismayu au wa usiku mmoja wa kukimbia. Nendeni na vinasa sauti. Ulizeni lile lisilo katika hojaji, na jibu likija kwa lugha nyingine, msilitupe.

Ndugu yangu bado yuko jeshini. Mwanawe sasa ni mwanafunzi wangu, na insha zake zina makosa mengi ya upatanisho. Juzi aliandika "watu yote". Nilishika kalamu nyekundu, nikaandika sahihisho pembeni kama inipasavyo, kisha nikamwita mezani nikamwuliza alilitoa wapi.

"Kwa baba," alisema. "Husema hivyo akitaka tucheke."